Betri Ndogo ya Ufunguo na Gharama ya Kutojua

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia mambo makubwa: kilimo, maji, elimu, bandari na barabara. Leo tunawaomba wasomaji wetu ruhusa tulizungumzie jambo dogo, lenye upana wa sarafu, nalo ni betri ya ufunguo wa gari. Tunalileta mbele yao kwa sababu udogo wa kitu haupunguzi uzito wa hasara yake. Hasara hii inatupata kila siku, Visiwani na Bara, majumbani kwa raia na katika viwanja vya ofisi za serikali, hali ya kuwa dawa yake iko mikononi mwetu na bei yake ni shilingi elfu chache.

Kwa muda mrefu ufunguo wa gari ulikuwa kipande cha chuma chenye meno, na shughuli yake ilikuwa moja: kuzungusha kitasa. Mwaka 1982 kampuni ya Renault ya Ufaransa iliuza gari liitwalo Fuego lenye kifaa cha mkononi cha kufungia na kufungulia milango kutoka mbali, nalo ni miongoni mwa magari ya mwanzo kabisa kuwa na kifaa cha namna hiyo. Katika miaka ya 1990 desturi hiyo ilienea duniani. Leo magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kwetu kutoka Japani, yawe yameteremshwa Dar es Salaam au Malindi mjini Unguja, yana ufunguo wenye vitufe ambao watu wameuzoea kwa jina la rimoti. Yako pia yasiyokuwa hata na tundu la kuchomeka ufunguo: dereva huuweka mfukoni, akakanyaga breki, akabonyeza kitufe, injini ikanguruma.

Tumeyapokea magari haya, lakini elimu yake haikupanda meli pamoja nayo. Kitabu cha maelekezo, ikiwa kimo garini, kimeandikwa kwa Kijapani. Mwenyewe wa kwanza yuko Yokohama au Nagoya, wala hatuna njia ya kumuuliza. Ndiyo sababu siku rimoti inaponyamaza, mwenye gari huona kwamba gari zima limekufa. Mmoja huita mtu avunje kioo. Mwingine huamuru waya za king'ora zikatwe. Wa tatu hulipa fedha nyingi kwa ufunguo mpya, ilhali ule wa zamani ulikuwa ukihitaji betri tu.

VITU VITATU NDANI YA UFUNGUO MMOJA

Anayetaka kuyaepuka hayo hana budi kwanza kuelewa kwamba ufunguo wa siku hizi ni vitu vitatu vilivyofungwa katika ganda moja.

Kitu cha kwanza ni redio ndogo sana. Unapobonyeza kitufe, redio hii hutuma mawimbi yenye neno la siri, na gari likilitambua neno hilo hufungua au kufunga milango. Redio hiyo ndiyo inayokula betri.

Kitu cha pili ni chipu, nayo haihitaji betri ya ufunguo hata kidogo. Mnapoingiza ufunguo katika tundu la kuwashia, waya uliozungushwa kando ya tundu hilo huipelekea chipu nguvu kidogo kutoka betri kubwa ya gari, nayo chipu hujibu kwa kutaja jina lake. Gari likilikubali jina, injini inaruhusiwa kuwaka. Kwa hiyo betri ya rimoti inapokwisha katika gari la kuchomeka ufunguo, injini huendelea kuwaka kama kawaida. Ikiwa injini nayo imekataa, ugonjwa uko kwingine, wala msipoteze fedha kwa kununua betri ndogo.

Kitu cha tatu ni chuma chenyewe. Katika funguo za kawaida kinaonekana dhahiri. Katika magari ya kuwasha kwa kitufe kimefichwa ndani ya ganda, na hutoka kwa kubonyeza au kusukuma kijiti kidogo kilichoko pembeni. Wako madereva waliomiliki gari miaka mitano bila ya kujua kwamba chuma hicho kimo. Tunda la kitasa nalo mara nyingine limezibwa kwa kifuniko cha plastiki kwenye mkono wa mlango wa dereva, na hubanduliwa kwa uangalifu.

Atakayeyashika hayo matatu amekwisha kulipunguza tatizo nusu. Betri ikifa, mlango hufunguliwa kwa chuma. Inawezekana king'ora kikalia, kwa kuwa gari limefunguliwa kwa njia lisiyoitarajia. Katika magari mengi hunyamaza pale gari linapoitambua chipu. Katika magari mengi ya Toyota ya kuwasha kwa kitufe, dereva hukanyaga breki, akakigusisha kitufe cha kuwashia ule upande wa ufunguo wenye nembo, akasubiri mlio, kisha akabonyeza kitufe pasi na kuchelewa. Gari huwaka ijapokuwa betri ya ufunguo imekwisha kabisa.

BARIDI YA MWANJELWA, CHUMVI YA VISIWANI

Sasa tutazame kwa nini betri hizi hutuangusha, na kwa nini hutuangusha mahali tusipotarajia.

Tuchukue mfano wa mtumishi wa serikali aliyetoka Unguja kwa boti, akafika Dar es Salaam, akakabidhiwa gari la kazi kwenda Nyanda za Juu Kusini. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 800, kupitia Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Iringa na Makambako hata kufika Mbeya. Kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia ndipo ilipo Mwanjelwa, kitovu cha biashara cha jiji hilo, penye soko lililojengwa upya baada ya lile la zamani kuteketea kwa moto mwaka 2006. Mgeni wetu amefika magharibi, amefunga gari kwa rimoti, amelala.

Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai joto la alfajiri hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, ilhali Unguja ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Betri ya ufunguo ni duka dogo la kemikali. Umeme wake hutokana na madini ya lithiamu yanayobadilika taratibu ndani ya kikopo cha chuma. Baridi huyapunguzia mabadiliko hayo kasi. Betri mpya hustahimili bila taabu. Ile iliyochakaa, ambayo Dar es Salaam ilikuwa ikijikokota kwa msaada wa joto, alfajiri ya Mwanjelwa hudhihirisha uzee wake: kitufe kinabonyezwa, taa nyekundu inafifia, mlango haufunguki. Mgeni huyo akiushika ufunguo katika kiganja kwa dakika chache upate joto, huenda ukafanya kazi mara moja au mbili. Asidanganyike kwa hilo. Ni dalili kwamba betri inahitaji kubadilishwa siku ileile.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba wao wamesalimika kwa kuwa hawana baridi. Adui wao ni hewa ya bahari. Unyevunyevu wenye chumvi hupenya katika ganda la ufunguo lililolegea, ukatia kutu au utando wa kijani kwenye vibati vinavyoigusa betri. Hapo betri inaweza kuwa nzima kabisa, lakini umeme wake haupiti. Jasho la mkono, mfuko wa suruali uliolowa na mchanga wa pwani huongeza ubaya huo. Mtu wa Mwanjelwa hununua betri mpya akapona. Mtu wa Wete au Mkokotoni huweza kununua tatu mfululizo asipone, kwa sababu kilichohitajika ni kusafisha vibati.

Iko sababu ya tatu inayotuhusu sote. Funguo za magari ya kuwasha kwa kitufe huwa macho saa zote zikisikiliza wito wa gari. Betri yake kwa kawaida hudumu mwaka mmoja hadi miwili. Ufunguo ukiwekwa karibu na televisheni, kompyuta au simu inayochajiwa, hupokea mawimbi mengi na kujitaabisha bure, na betri huisha mapema. Yafaa uwekwe umbali wa mita moja au zaidi kutoka vyombo hivyo, na usiwekwe usiku kucha karibu na gari lenyewe.

KUINUNUA BETRI

Atembeaye Mwanjelwa ataona meza za mafundi saa na mafundi simu, na juu yake betri za kila namna. Ndivyo ilivyo pia Darajani na Chake Chake. Kabla ya kutoa fedha, msomaji na afungue ufunguo wake atazame maandishi yaliyo juu ya betri ya zamani, kwa maana maandishi hayo yana maana.

Betri itumiwayo zaidi ni CR2032. Herufi ya kwanza yaonyesha kemikali iliyomo, ya pili yaonyesha kwamba umbo ni la duara. Namba 20 ni upana wake kwa milimita, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Kwa hesabu hiyo CR2025 ina upana uleule lakini unene wa milimita 2.5, na CR2016 ina unene wa milimita 1.6. Zipo funguo zitumiazo CR1632, CR1616 au CR2450. Zote ni za volti 3, na hapo ndipo hila inapoingia: muuzaji asiyekuwa na namba unayotaka hukuambia kwamba nguvu ni moja, chukua hii. Nguvu ni moja, lakini betri nyembamba hucheza ndani ya nyumba yake, nayo nene hukunja vibati. Wengine huchomeka karatasi ili kuibana. Ufunguo wa namna hiyo hufanya kazi leo na kesho ukagoma kwenye shimo la kwanza barabarani.

Kadhalika tunatahadharisha kuhusu betri za kuchaji zenye umbo hilohilo. Volti zake huzidi 3 na huweza kuidhuru redio ya ufunguo. Wala betri ya kawaida isijaribiwe kuchajiwa, kuchomwa kwa moto au kuunganishwa kwa risasi, huweza kupasuka.

Chagueni betri iliyomo katika pakiti yake isiyofunguliwa, yenye tarehe inayosomeka. Zile zilizomwagwa pamoja ndani ya kopo huguswana, chuma kwa chuma, zikamalizana nguvu kabla hazijanunuliwa. Zile zilizoanikwa juani mwezi mzima nazo zimekwisha kuchoka. Fundi mwaminifu hatakasirika mkimwomba aipime kwa mita. Betri mpya huonyesha volti 3 au zaidi kidogo.

KUIBADILISHA

Kazi yenyewe haizidi dakika tano. Ketini mahali penye mwanga, mezani, si juu ya paja wala kando ya mtaro. Ikiwa chuma cha ufunguo kinatoka, kitoeni kwanza, kwani aghalabu pale kilipokuwa ndipo penye upenyo wa kufungulia ganda. Ikiwa kuna skrubu ndogo, ifungueni kwa bisibisi inayolingana nayo. Kisha tieni sarafu au bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa katika upenyo, na pindueni polepole mpaka ganda liachane. Msitumie kisu, wengi wamejikata vidole na kuikwaruza bodi ya ndani.

Kabla ya kuiondoa betri, angalieni alama ya jumlisha imeelekea wapi, juu au chini. Mwenye simu ya kupigia picha na apige picha. Ing'oeni kwa kijiti cha mti au plastiki, kisha futeni vibati kwa kitambaa kikavu cha pamba. Penye utando wa kutu, tieni spiriti kidogo kwenye pamba, sugueni taratibu, mkaache pakauke kabisa. Ikiwa kibati kimelala, kiinueni kidogo ili kiiguse betri sawasawa. Bodi yenyewe msiiguse kwa vidole.

Betri mpya ishikeni kingoni, maana mafuta ya vidole yakiwa juu ya nyuso zake huzuia umeme. Iwekeni kwa upande uleule ilipokuwa ya zamani, fungeni ganda hadi lilie, na hakikisheni kwamba ule mpira mdogo wa kuzuia maji haukubanwa vibaya. Jaribuni vitufe vyote mkiwa karibu na gari, kisha mkiwa mbali.

Wapo wanaoogopa kwamba ufunguo ukikosa betri hata dakika moja utalisahau gari. Hofu hiyo katika funguo nyingi haina msingi, kwa kuwa neno la siri limehifadhiwa mahali pasipohitaji umeme wa kudumu.

BETRI MPYA, UGONJWA ULEULE

Ikiwa baada ya hayo mlango bado haufunguki, msikimbilie kwa fundi kabla ya kuuliza maswali machache kwa utaratibu.

Swali la kwanza: ufunguo wa pili unafanya kazi? Ukifanya kazi, ugonjwa uko katika ufunguo wa kwanza. Funguo zote mbili zikigoma, ugonjwa uko garini: betri kubwa imekwisha, fyuzi imeungua, au kile chombo kinachopokea mawimbi kimeharibika. Taa za gari zikiwa hafifu na honi ikilia kwa sauti ya kukwama, msishughulike na ufunguo. Shughulikieni betri kubwa.

Swali la pili: milango yote imefungwa sawasawa? Magari mengi hukataa kujifunga kwa rimoti ikiwa mlango mmoja umeachwa wazi kidogo, au ikiwa ufunguo umo katika tundu la kuwashia. Gari likifanya hivyo si bovu. Linamzuia mwenyewe asiufungie ufunguo ndani.

Swali la tatu: tatizo liko mahali pamoja au kila mahali? Gari likikataa karibu na minara ya redio na televisheni tu, mawimbi makubwa yanaumeza mlio mdogo wa ufunguo. Sogeeni karibu na mlango, au liondoeni gari mahali hapo.

Swali la nne: kitufe kimoja kimekufa au vyote? Kikifa kimoja, aghalabu ni mpira wake uliochakaa au kiguso kilichoko chini yake, na fundi simu mwenye mkono mwepesi huweza kukitengeneza. Ufunguo uliofuliwa pamoja na nguo uondolewe betri mara moja, ukaushwe kwa siku moja au mbili kivulini, ndipo ujaribiwe.

Swali la tano: ufunguo umekuwa mchezo wa watoto? Hapa pana siri inayofaa kuelezwa. Katika magari mengi neno la siri hubadilika kila unapobonyeza, ili mwizi akilinasa la leo lisimfae kesho. Mojawapo ya mbinu mashuhuri za kazi hiyo, iitwayo KeeLoq, ilibuniwa katika bara letu hili, nchini Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, na mwaka 1995 ikauzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani kwa dola zipatazo milioni 10. Ufunguo na gari huhesabu pamoja. Mtoto akibonyeza mara nyingi sana mbali na gari, ufunguo hutangulia katika hesabu na gari hubaki nyuma. Gari husamehe tofauti ya kiasi fulani; ikizidi, halisikii tena. Tiba yake ni kuvipatanisha upya kwa utaratibu wa gari lenyewe, na kazi hiyo fundi mwenye kifaa huifanya kwa muda mfupi.

Yako pia makosa ya kununua. Wasomaji wanajua jinsi redio za magari ya Kijapani zisivyoshika vituo vyetu vingi vya FM, kwa kuwa Japani masafa yake ya redio huanzia megahezi 76 na redio nyingi za zamani huishia 90. Rimoti nazo zina tofauti kama hiyo. Za Japani aghalabu hutumia masafa ya karibu megahezi 315, na za Ulaya 433. Mtu aliyenunua rimoti ya Toyota iliyotoka Uingereza kwa ajili ya Toyota iliyotoka Japani atakuwa na kitu kizuri cha kutazama, kisichofungua chochote.

Fauka ya hayo, kuna ubaya usiotokana na betri wala ufunguo. Huko Afrika Kusini wananchi wametahadharishwa kwa miaka mingi kuhusu wezi wanaosimama katika maegesho na kifaa kinachotoa mawimbi ya masafa yaleyale. Mwenye gari hubonyeza kitufe akaenda zake akiamini amefunga, kumbe mlango uko wazi. Kinga yake ni rahisi mno: kila mnapofunga gari, vuteni mkono wa mlango.

WAJIBU WA OFISI

Neno letu kwa viongozi wa idara na halmashauri ni hili. Gari la umma huja aghalabu na ufunguo mmoja au miwili. Uliopo hupita mkononi kwa madereva watatu au wanne kwa mwaka, na hakuna aliyeandika popote betri yake ni ya namba gani wala ilibadilishwa lini. Ufunguo wa pili, kama ulikuwapo, umefungiwa katika dawati la mtu aliyekwisha kuhamishwa. Siku rimoti inapogoma ndipo ofisi nzima inapotoka nje kulizunguka gari.

Ikiwa gari hilo ni la kupeleka barua, hasara ni ya saa chache. Likiwa ni gari la wagonjwa, na mama mjamzito anasubiri, saa chache hizo ni mlima. Hapo hatuzungumzii tena betri. Twazungumzia roho ya mtu na mtoto wake.

Twapendekeza mambo yasiyohitaji bajeti mpya. Namba ya betri iandikwe ndani ya jalada la daftari la safari za gari. Betri ibadilishwe kila mwaka kwa tarehe moja inayojulikana, bila ya kungoja ife, na kwa magari yaendayo Mbeya, Njombe au Iringa ibadilishwe kabla ya mwezi Juni. Kila dereva aonyeshwe kwa vitendo chuma cha ufunguo kilipo na jinsi ya kuwasha gari betri ikiwa imekwisha. Ufunguo wa pili uwe katika sanduku la ofisi, na makabidhiano yake yatiwe saini kama yatiwavyo ya fedha. Gari lenye ufunguo mmoja tu litengenezewe wa pili sasa, wakati ule wa kwanza ungali hai, kwa sababu ni rahisi zaidi kwa fundi kuongeza ufunguo kuliko kulishawishi gari lisilokuwa nao hata mmoja. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

HATARI KWA WATOTO

Tumelibakiza jambo lililo zito kuliko yote, na tunamwomba kila mzazi alisome mara mbili. Betri ya zamani, ile mnayoitupa juu ya meza au dirishani mkidhani imekufa, bado ina nguvu ya kutosha kumwangamiza mtoto.

Mtoto mdogo hutia kinywani kila king'aacho. Betri yenye upana wa milimita 20 hukwama katika koo lake. Hapo, kwa kukutana na maji ya mwili, hutoa umeme unaozalisha kemikali kali ya jamii ya kostiki soda, ile itumiwayo na watengeneza sabuni. Kemikali hiyo huanza kuunguza nyama za koo, na katika muda wa saa 2 tu huweza kuleta jeraha kubwa. Baadaye huweza kutoboa hata mshipa mkubwa wa damu. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni mtoto huenda asionyeshe zaidi ya kukohoa, kutokwa na mate au kukataa chakula, mzazi akadhani ni mafua.

Mkishuku kwamba mtoto amemeza betri, mpelekeni mara moja hospitali yenye eksirei, iwe ni usiku au mchana. Msimtapishe. Msimpe chakula. Wataalamu wa sumu wanaelekeza kwamba mtoto aliyekwisha kutimiza mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na ambaye hazijapita saa 12 tangu aimeze, apewe vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika 10 wakati wa kupelekwa, visizidi mara sita. Asali hupunguza ukali wa kemikali. Haitibu, na isiwe sababu ya kuchelewa hata dakika moja. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Mataifa mengine yamekwisha kulitilia jambo hili uzito wa sheria. Marekani ilitunga sheria mwaka 2022 inayotaka vifaa vya nyumbani vyenye betri za namna hii viwe na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kwa urahisi. Hapa kwetu tunaweza kuanza na desturi njema. Betri ya zamani izungushiwe utepe wa gundi pande zote mbili, itiwe katika chupa yenye kizibo kigumu, na iwekwe juu, mbali na mikono midogo, hadi itakapopelekwa mahali panapopokelewa taka za namna hiyo. Isitupwe jaani wanakocheza watoto, wala baharini, wala motoni. Mafundi wa Mwanjelwa na wa Darajani wanaoshinda na betri hizi mchana kutwa wangefanya hisani kubwa kama wangeweka chupa hiyo mezani, na kumwambia kila mteja aache ya zamani hapohapo. Halmashauri na mabaraza ya miji nayo yatoe amri ya kuzikusanya chupa hizo, ili hisani hiyo isiishie mezani kwa fundi.

Alhasili, tunayoyataka si makubwa. Kila mwenye gari na aufungue ufunguo wake wiki hii, asome namba ya betri, aiandike, na ajue chuma chake cha dharura kiko wapi. Kila mkuu wa ofisi na aulize leo ufunguo wa pili wa gari la umma uko kwa nani. Na kila mzazi, kabla ya kulala usiku wa leo, na apekue meza, madirisha na makabati ya nyumba yake, aziondoe betri zote zilizosahauliwa humo.